Kuwinda mbuzi pori kwa upinde: maelekezo kwa mpwa wangu anayekwenda Australia

Mpwa wangu amepata kazi kwenye ranchi moja magharibi ya jimbo la New South Wales, Australia, na tangu viza itoke habanduki barazani kwangu hapa Chumbageni, Tanga. Anajua kwamba nilikaa huko miaka mingi nikikusanya mbuzi na kuwapanga mazizini, na kwamba siku za mapumziko nilikuwa natoka na upinde. Swali lake halibadiliki: "Mjomba, hao mbuzi wa porini nitawapataje kwa mshale?" Nimeshamjibu mara nyingi, ila maneno ya barazani hayakai, na najua yeye si wa mwisho kusafiri. Basi nayaweka kwa maandishi.

Nianze na lile ambalo vijana hawapendi kulisikia. Kuachia mshale ni sehemu ndogo ya kazi hii. Mwenye bunduki humwona mbuzi ng'ambo ya bonde akammaliza akiwa amelala pale pale alipo. Mwenye upinde hana njia hiyo. Lazima amfikie mnyama mpaka amwone akipepesa macho. Karibu kila nitakachosema, kuanzia viatu hadi saa ya kuamka, kinahusu kukaribia.

Mbuzi gani hawa

Si wanyama wa mwituni kwa asili. Ni mbuzi wa kufugwa, ukoo mmoja na hawa wanaookota maganda ya ndizi Ngamiani. Walifika Australia na meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788 kwa ajili ya maziwa na nyama, kisha karne iliyofuata wakaletwa wengine wa manyoya, mbuzi wa Angora na wa kashimiri. Wapo waliotoroka, na wapo walioachiliwa tu biashara ya manyoya ilipoanguka. Nchi kavu ikawakubali. Jike hubeba mimba siku 150 hivi, mapacha ni jambo la kawaida, na mwaka wa mvua nzuri anaweza kuzaa mara mbili. Dingo, mbwa mwitu wa huko, ndiye aliyekuwa akiwapunguza, lakini kwenye nchi za kondoo wafugaji walishamwondoa zamani. Leo mbuzi hao wapo kwa mamilioni.

Madhara yao nimeyaona kwa macho. Wanakula kichaka mpaka kinabaki vijiti, wanasimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu, wanavuruga maji ya lambo yakawa tope. Yupo kangaruu mdogo wa kwenye majabali, mwenye miguu ya njano, ambaye katika New South Wales amebaki upande wa hifadhi ya Mutawintji tu. Mbuzi wanamnyang'anya malisho na vivuli vya mawe. Sheria ya mazingira ya Australia ya mwaka 1999 inawataja mbuzi hawa miongoni mwa vitisho vikubwa kwa viumbe wa asili. Kwa hiyo mtu anayewapunguza kwa utaratibu anafanya kazi yenye maana, na nataka mpwa wangu alijue hilo kabla hajashika upinde.

Lakini usiseme hawana mwenyewe. Mbuzi pori ni fedha. Wenye ranchi huwakusanya kwa pikipiki na mbwa, au huwanasa kwenye mazizi yaliyozunguka maji, na nyama yao husafirishwa nje, nyingi ikienda Marekani. Hivyo kabla ya yote omba ruhusa ya mwenye ardhi, na iwe ya maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Katika New South Wales, kwenye ardhi ya mtu binafsi, mbuzi pori huwindwa kwa ruhusa hiyo. Kwenye misitu ya serikali iliyofunguliwa kwa wawindaji unahitaji leseni pamoja na kibali. Upinde wa kawaida hauhitaji leseni ya silaha, lakini ule wa kitako na kifyatulio ni marufuku kwa asiye na kibali maalumu. Ukivuka mpaka wa jimbo, sheria nayo inabadilika: Tasmania hairuhusu kabisa kuwinda kwa upinde. Uliza ofisi ya jimbo ulipo, usimuulize mwenzio wa kijiweni.

Na zipo sehemu ambazo hata ukiwaona mbuzi mia, unapita. Hifadhi ya Mutawintji ilirudishwa kwa wenyeji wa asili mwaka 1998, na kwenye majabali yake kuna michoro ya mababu zao. Hata ndani ya ranchi utakuta michoro na sehemu zao za heshima. Mtu wa Tanga aliyeingia mapango ya Amboni akaona sadaka za watu zimewekwa mle hahitaji kuelezwa mengi.

Mazoezi yaanzie hapa hapa

Kwa Tanga onyo ni moja. Kila mbuzi unayemwona ana mwenyewe, na kila mnyama wa porini yuko chini ya sheria ya wanyamapori. Upinde wako hapa ni wa kupigia gunia.

Tafuta gunia, ulijaze singa chakavu za mkonge. Shindilia kwa mti mpaka kidole kisiingie, kisha ulishone mdomo. Singa hushika mshale vizuri na hazimalizi manyoya yake upesi. Liegemeze kwenye kingo ya udongo au kichuguu, pasipo na njia ya watu wala watoto nyuma. Kwa mkaa chora duara lenye ukubwa wa kisosi cha chai. Anza hatua kumi. Mishale yote ikikaa ndani ya kisosi, rudi nyuma kidogo. Mahali ambapo mmoja unaanza kutoka nje, hapo ndipo umbali wako unapokoma, na siku ya kuwinda huusogezi hata hatua moja kwa sababu mnyama ni mzuri.

Usifanye mazoezi ukiwa wima tu kwenye kiwanja safi. Piga goti. Kaa chini. Piga ukiwa umejikunja chini ya tawi la mwembe. Piga ukiwa juu ya kichuguu, ukilenga chini. Halafu kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote: amka alfajiri, mwili bado mzito, toka nje, piga mshale mmoja, rudi ndani. Huo mmoja ndio unaofanana na kuwinda. Mshale wa ishirini, mkono ukishapata moto, haukuambii kitu.

Zoezi la pili halihitaji upinde. Nenda Pongwe au kokote kwenye mbuzi wanaochungwa, muombe mchungaji ruhusa, kisha jaribu kuwanyatia mikono mitupu. Mbuzi wetu wamezoea watu, lakini mwili wao unasema maneno yale yale. Mbuzi mtulivu anakula akitembea, masikio yanapepea ovyo, mkia unachezacheza. Akikushuku, kichwa kinapanda, masikio mawili yanaelekea mbele kwa pamoja, taya linasimama kutafuna. Ukimwona hivyo, ganda pale pale, hata kama umesimama kwa mguu mmoja. Baada ya hapo ama atarudi kula, ama atapiga chafya kali na kugonga kwato chini. Chafya hiyo ni taarifa kwa kundi zima, na huko Australia ukishaisikia shughuli imekwisha. Angalia pia macho yake. Mboni imelala kwa mlalo, na macho yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona mbele, ubavuni na karibu nyuma yote bila kugeuka. Kisichomvutia ni kitu kisichosogea.

Zoezi la tatu ni la siku ya Idi kubwa. Nyumbani wakichinja mbuzi, usikimbilie maini. Kabla hajapasuliwa mlaze ubavu, nyoosha mguu wa mbele kama alivyosimama, weka kidole nyuma ya kiwiko, kisha fuata kidole hicho mpaka ndani wakati mchinjaji anafungua kifua. Utaona moyo uko chini kabisa na mbele, umejificha nyuma ya mfupa wa mkono. Mapafu yanauzunguka, yanapanda juu kidogo na kurudi nyuma kidogo. Kisha angalia tumbo kubwa upande wa kushoto linavyosogea mbele chini ya mbavu. Kijana anayelenga "katikati ya mbuzi" anapiga tumbo, na mbuzi huyo atakufa kesho yake kwa mateso mahali ambapo hutampata. Mpwa wangu nilimkalisha chini Idi iliyopita, nikamwambia asiinuke mpaka anionyeshe moyo bila kuuliza.

Vifaa

Usivibebe kutoka hapa. Mbao, manyoya na ngozi lazima uvitangaze kwa maofisa wa uwanja wa ndege wa Australia, nao hawana mchezo. Nunua huko. Upinde wa puli ni rahisi kwa anayeanza, kwa sababu ukishauvuta mpaka mwisho uzito unapungua na unaweza kusubiri mbuzi ageuke. Upinde wa mti ni mzuri kwa macho lakini unadai miezi ya mazoezi ya mkono. Nguvu ya ratili 45 hadi 60 inamtosha mbuzi. Mshale uwe mzito, gramu 30 na zaidi, na chembe chake, kile chuma cha mbele, kiwe kisichokunjuka, chenye makali mawili yanayonyoa unywele wa mkono. Chembe butu kinasukuma mshipa pembeni badala ya kuukata. Nolea nyumbani, kisha nolea tena kambini.

Viatu viwe na soli laini. Nguo ziwe za rangi ya udongo na majani makavu, kofia iwe na ukingo wa kufunika uso, kwa maana uso unaong'aa jasho unaonekana mbali. Darubini ndogo usiiache. Kipima-masafa kitakusaidia mwanzoni, mpaka jicho lijue hatua ishirini zinafananaje kwenye nchi isiyo na miti ya kulinganishia.

Garini mimi sikosi lita kumi za maji kwa kila mtu kwa kila siku, na ya ziada. Beba kifaa cha dharura cha setilaiti, kwa sababu simu haishiki. Redio ya UHF ya gari, ile ya kuzungumza na magari mengine, iwe kwenye chaneli ya 40 ukiwa barabarani. Chaneli ya 5 ni ya dharura. Ikinyesha mvua, udongo mwekundu unageuka utelezi na barabara hufungwa. Ukipita penye kibao cha kufungwa utatozwa faini. Usiendeshe gari jua linapozama, maana kangaruu wanakuja barabarani. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Na nyoka wapo, tena wakali, basi usitie mkono kwenye ufa wa jiwe ambao hujaona ndani.

Msimu wangu ni Mei hadi Agosti. Huko ni baridi, usiku maji yanaweza kuganda, mchana jua tulivu, na nyama haiharibiki. Desemba na Januari joto linapita digrii 40. Nyama inaoza ukiitazama, na wewe mwenyewe uko hatarini.

Maji na upepo

Nchi yenyewe kwanza. Kutoka Cobar kwenda Wilcannia utaona ardhi nyekundu, tambarare, kisha vilima vya mawe visivyo virefu. Miti ya mulga yenye majani membamba ya kijivu, vichaka vyenye majani ya chumvi, na kwenye mikondo ya mito mikavu mikaratusi mikubwa. Mto unaweza kukaa bila maji mwaka mzima. Yaliyopo yako kwenye malambo yaliyochimbwa na wafugaji, na kwenye mahori yanayojazwa kwa bomba au kwa kinu cha upepo. Hapo ndipo penye mbuzi. Nchi ikikauka hawawezi kukaa mbali na maji, kwa hiyo siku ya kwanza usiwinde. Zunguka malambo asubuhi, soma kwato. Alama yenye kingo kali na udongo bado mbichi ni ya leo. Iliyojaa vumbi na nyayo za ndege juu yake ni ya zamani. Mavi meusi yanayong'aa yaliyo laini ukiyabonyeza ni ya saa chache. Na kabla ya alama zote, pua: beberu hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na harufu yake upepo ukiwa mzuri inakufikia kabla hujamwona.

Usijibanze kandokando ya maji ukawapigia hapo. Wapo wanaofanya, na kisheria huenda wasikutwe na kosa, ila mimi silipendi. Unawazuia wanyama wote kunywa, wakiwemo kangaruu na ndege, na mbuzi aliyejeruhiwa akafia lamboni anaharibu maji ya mifugo ya mtu. Tumia maji kujua njia yao tu, kisha ufuate njia hiyo mpaka vilimani.

Mbuzi hulala juu, kwenye mawe. Asubuhi ya baridi hawana haraka. Wanakaa upande wa mashariki wa kilima wanaota jua, wengine wamelala, mmoja au wawili wamesimama. Jua likipanda wanaanza kushuka wakila, mara nyingi wakielekea upepo unakotoka. Adhuhuri wanatafuta maji au kivuli. Jioni wanapanda tena. Ukishalijua hilo, hutembei ovyo. Unajua saa tatu asubuhi wako wapi, na saa tisa wako wapi.

Sasa upepo, na hapa naomba usome taratibu. Sisi watu wa pwani tunao upepo mwilini. Mtoto wa Sahare anajua kusi na kaskazi kabla hajajua kusoma, na anajua kuwa alfajiri upepo unatoka nchi kavu na mchana unatoka baharini. Akili hiyo hiyo ndiyo utakayoipeleka kilimani. Usiku na alfajiri hewa baridi ni nzito, inateremka na mabonde. Jua likipasha mawe, hewa inapanda. Kwa hiyo alfajiri uwe chini ya mbuzi, ukimfuata kwa kupanda. Kuanzia saa nne, saa tano hivi, uwe juu yake, ukishuka. Kushuka kuna faida nyingine: mbuzi aliye mlimani macho yake mengi yako chini, huko ndiko anakotazamia hatari.

Kati ya saa hizo mbili kuna muda hewa haijui iende wapi. Inazunguka, inageuka, mara usoni, mara kisogoni, na kwenye tambarare unaona chamchela za vumbi zinainuka. Muda huo kaa kivulini, kunywa maji, tazama kwa darubini. Watu wengi hupoteza kundi saa hiyo kwa kukosa subira.

Weka jivu laini au poda kwenye kichupa chenye tundu dogo. Kila baada ya hatua chache bonyeza, tazama inakokwenda, na uitazame mpaka ipotee, siyo pale mkononi tu, kwa sababu upepo wa hatua ishirini mbele unaweza kuwa mwingine. Unataka kuwa demani kwao, upepo utoke kwa mbuzi uje usoni kwako. Ukigeuka, rudi nyuma. Usijidanganye kwamba ni kidogo. Mbuzi akikuona husimama kukuchunguza, akikunusa haulizi.

Kunyatia

Nitaeleza namna ninavyomkaribia beberu mmoja, kwa mfano aliyelala chini ya mulga katikati ya mteremko, na majike wanne wakila upande wa kulia.

Kwanza sitazami beberu. Nahesabu wengine. Anayekuponza siku zote ni yule ambaye hukumwona, jike mzee aliyelala nyuma ya jiwe. Nikishajua kila mmoja yuko wapi na kichwa kimeelekea wapi, nachagua njia: ufa wa mkondo mkavu hadi jiwe jeupe, kutoka jiwe jeupe hadi kisiki kilichoanguka, kutoka kisiki mpaka beberu hatua kumi na nane hivi. Njia nzima naiweka kichwani kabla sijasogea, kwa sababu ukishaingia ndani ya mkondo kila kitu kinaonekana tofauti.

Ndani ya mkondo natembea nimeinama. Nje yake natambaa. Kabla sijaweka goti naondoa kwa vidole kile kitakacholia: gome kavu la mkaratusi, kokoto inayolala juu ya nyingine, kijiti cha mulga ambacho kikivunjika mlio wake unafika mbali. Upinde nausukuma mbele, nauweka chini polepole, kisha mwili unaufuata. Nasogea wakati vichwa viko chini vinakula. Kichwa kimoja kikiinuka nasimama, na sijifichi ghafla, maana kujificha nako ni kusogea. Mwendo wa hatua hamsini unaweza kuchukua saa nzima. Inzi watakuingia puani na kwenye pembe za macho; vumilia, usipunge mkono.

Nikifika kwenye kisiki nasubiri. Beberu aliyelala simpigi, kwani amekunja mguu na mfupa umefunika moyo. Atainuka mwenyewe. Mbuzi akiinuka hujinyoosha, mara nyingi hukojoa, kisha husimama kidogo akitazama. Wakati kichwa chake kiko nyuma ya tawi, au amegeukia majike, ndipo navuta.

Kwa nini hatua kumi na nane, siyo arobaini? Mshale wa upinde wa mti huenda mita 50 hadi 60 kwa sekunde, wa puli labda 80. Sauti huenda mita 340. Mlio wa upote, kamba ya upinde, unamfikia mbuzi mbele ya mshale, naye hushtuka, hujikunja chini kabla ya kuruka. Kwa mita 30 anapata karibu nusu sekunde ya kujikunja, na pale ulipolenga moyo mshale unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unaingia penye mgongo na tumbo. Kwa mita 15 hana muda huo.

Lenga akiwa amekupa ubavu, au ubavu huku kifua kimeelekea mbali nawe kidogo. Fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, panda theluthi moja kutoka chini ya kifua. Akiwa amegeukia mbali, fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili, na mshale utokee hapo. Aliyekutazama uso kwa uso usimpige. Aliyekupa mgongo usimpige. Na tazama nyuma yake: mshale mzuri hupita mwilini ukatoka, na kama kuna mbuzi mwingine amesimama pale umewajeruhi wawili.

Mwenye ranchi anayetaka kupunguza idadi atakwambia piga majike, na hesabu yake ni sahihi, kwa kuwa beberu mmoja akibaki anatosha majike wengi. Mimi nitampiga jike, ila mwenye kitoto kinachonyonya namwacha. Hilo sibishani na mtu.

Baada ya mshale

Usiinuke. Sikiliza alikokimbilia, shika alama ya mwisho ulipomwona, hata kama ni jiwe tu. Subiri nusu saa. Mbuzi aliyepigwa mapafu huanguka ndani ya hatua mia. Akifuatwa haraka hupata nguvu za hofu akaenda mbali. Kisha nenda ulipo mshale na uusome. Damu nyekundu angavu yenye povu dogo ni mapafu, utampata karibu. Damu nyeusi nzito ni ini, mpe saa mbili au zaidi. Ukiona kijani na ukanusa uchachu wa majani, umepiga tumbo. Rudi kivulini, subiri saa kadhaa, kisha mfuate polepole ukiwa na mshale tayari, na usiache kumtafuta mpaka giza. Kila tone la damu liwekee karatasi ndogo. Ukipoteza njia, geuka utazame karatasi zako, zitakuonyesha anakoelekea. Ukimaliza, ziokote.

Kwa sisi Waislamu kuna suala la halali, na vijana huniuliza sana. Mimi si shehe. Muulize wako kabla ya safari. Nilivyofundishwa ni hivi. Mnyama wa kufugwa aliyekimbia akawa hashikiki huchukua hukumu ya windo, na msingi wake ni hadithi ya Rafii bin Khadij kuhusu ngamia aliyetoroka akazuiwa kwa mshale, Mtume (S.A.W.) akaruhusu kufanya hivyo kwa anayewashinda. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale. Ncha ikichoma na kutoboa, kula. Ukimpata kwa ubavu wa mti wa mshale akafa kwa pigo, usile, na hili limo katika majibu aliyopewa Adiy bin Hatim. Akizama majini akafia humo, acha. Na ukimfikia bado ana uhai, mchinje mara moja, kwa hiyo kisu kikali kikae kiunoni, siyo garini.

Nyama inaharibika kwa mambo mawili, joto na manyoya. Pasua haraka, toa matumbo bila kuyatoboa, chuna hapo hapo kivulini. Mkono ulioshika manyoya usishike nyama; beberu mkubwa harufu yake yote iko nje, na ukiihamisha ndani hakuna iliki wala tangawizi itakayoitoa. Tundika vipande kwenye mfuko wa kitambaa chepesi ili inzi wasitage, baridi ya usiku ifanye kazi yake, asubuhi viingie kwenye sanduku la barafu. Tazama ini na mapafu: ukiona malengelenge yenye maji, usile na usiwape mbwa. Uvimbe wenye usaha mzito shingoni au begani ni ugonjwa wa kawaida wa mbuzi wa huko. Usiupasue, kata mbali nao.

Vaa glovu kila mara. Mbuzi hubeba vijidudu vya homa ya Q, ambavyo mtu huvivuta na vumbi au kuvipata kwenye majimaji, hasa ya uzazi. Australia wanayo chanjo yake kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, baada ya kupimwa ngozi na damu. Kijana anayekwenda kufanya kazi ya mbuzi aipate wiki za mwanzo kabisa, asingoje.

Beberu mzee mwache asage meno, nyama yake ni kamba. Jike asiye na kitoto au dume la mwaka mmoja ndilo la kula. Mbavu ni za supu ya ndimu na pilipili mbuzi ikipatikana. Paja lipake kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na maji ya limau, lilale usiku, kisha mishkaki ya makaa ya mulga, ambayo yanashika moto muda mrefu. Nyama uliyoiwinda ni ya kula na kugawa; kuuza kunahitaji leseni ambayo huna.

Gawio la kwanza ni la mwenye ranchi. Ukimpelekea, mweleze uliyoyaona njiani: hori linalovuja, ua uliolala, kundi kubwa liko upande gani. Mwoneshe ulipoacha matumbo. Halafu muulize lori la mbuzi linakuja lini, na siku tatu kabla yake usikanyage karibu na malambo yale.